Ukihamisha barua pepe, hamisha na tarehe zake

Najua nilikuwa nimepotea, lakini wanaofanya kazi hii ya kuandika programu katika mji mdogo watanielewa. Huku Isiolo mtu wa kompyuta ni mmoja kwa kila kitu. Leo unaandika programu ya duka la dawa, kesho unaitwa kutazama printa iliyogoma, keshokutwa unahamisha barua pepe za watu. Mada ya leo inatoka kwenye kazi hiyo ya tatu. Nina kisa, na ndani ya kisa nina hoja, na nawaonya mapema kwamba mwenye makosa katika kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Hoja naiweka hapa juu ili asiye na muda wa kufika chini aondoke nayo. Tarehe ambayo barua ilifika ni mali ya mwenye sanduku, sawa na barua yenyewe. Ukihamisha barua ukaacha tarehe, umehamisha nusu. Na ukija kuzirekebisha kwa kubahatisha, afadhali ungeziacha zilivyo.

Sasa kisa.

BARUA ZOTE ZIMEZALIWA SIKU MOJA

Kuna kikundi cha akina mama hapa mjini kinachouza maziwa ya ngamia. Wanaoijua Isiolo wanaijua biashara hii: maziwa yanaingia mjini kutoka kwenye maboma, yanapoozwa, yanapakiwa kwenye mabasi ya Nairobi na kuteremshwa Eastleigh. Kikundi hiki kina mnunuzi wake mkubwa huko, na kina mkataba naye. Ndani ya mkataba kuna kipengele kimoja kitakachotuhusu sana: anayetaka kubadilisha bei sharti atoe notisi ya siku 30 kwa barua pepe.

Barua pepe za kikundi zilikuwa kwenye seva ya kukodi ng'ambo. Nikawashauri tuhamie kwenye seva ndogo ninayoisimamia mwenyewe, yenye Dovecot. Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, baada ya kufuturu, nikaketi kazini. Barua zilikuwa kama 6,200, za tangu 2019. Kwa kuwa nilikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye seva zote mbili, nikachukua njia ya mkato: scp -r, folda nzima, kutoka kule hadi huku. Kabla ya saa tano usiku kazi ilikuwa imekwisha. Nikahesabu mafaili ya kule, nikahesabu ya huku, idadi ikalingana. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Jumatatu asubuhi mama katibu akanipigia simu.

"Kijana wangu, barua zangu zote zimezaliwa siku moja?"

Nikafungua na mimi nikaona. Barua ya 2019, ya 2021, ya juzi, zote zilisema 15 Machi 2025, kati ya saa tatu na saa tano usiku. Zimejipanga kwa mfuatano wa kunakiliwa, wala si wa kufika. Na mimi, kwa ujuzi wangu wote, nikamjibu hivi: "Mama, hiyo ni sura tu. Barua zenyewe ziko zote, hakuna iliyopotea. Nitaitengeneza nikipata nafasi."

Hiyo ni sura tu! Kumbukeni maneno hayo, maana nitayala baadaye.

Nafasi sikuipata haraka. Siku tatu kabla ya Idi ikaja hesabu ya mwezi kutoka kwa mnunuzi, na ndani yake bei ilikuwa imeshuka shilingi 10 kwa lita kuanzia tarehe 5 Machi. Akina mama wakashangaa. Walijua bei ingeshuka, notisi waliipata, lakini kwa hesabu yao ilikuwa ianze tarehe 21 Machi. Kikundi hupeleka lita 300 kwa siku. Siku 16, lita 300, shilingi 10: ni shilingi 48,000. Kwa kampuni kubwa hizo ni pesa za chai. Kwa akina mama wanaosubiri kugawana pesa ya Idi, ni nguo za watoto.

Mnunuzi akatoa simu yake, akaonyesha barua aliyotuma: tarehe 3 Februari 2025. Ongeza siku 30, unafika tarehe 5 Machi. Mama katibu akasema hapana, barua ile ilifika wiki ya tatu ya Februari, asubuhi ya saa tatu, alikuwa ndio kwanza ametoka kupakia mitungi kwenye basi. Wakamwambia aonyeshe. Akafungua sanduku lake, na sanduku likasema 15 Machi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mjanja angeishika ile 15 Machi na kudai bei isishuke hadi katikati ya Aprili. Mama hakufanya hivyo. Alisema, "Mimi sikusema tarehe 15. Nimesema wiki ya tatu ya Februari." Lakini mnunuzi naye alikuwa na jibu, na jibu lake lilinichoma kuliko maneno yote ya siku ile: "Sanduku lako linasema hata barua za 2021 zilifika tarehe 15 Machi. Nani ataliamini?"

Alikuwa na haki kusema hivyo. Mama alikuwa na shahidi mmoja, na mimi ndiye niliyemharibu.

BARUA MOJA, TAREHE NNE

Hebu tuelewane kidogo kuhusu tarehe hizi, kwa sababu wengi wetu tunadhani barua pepe ina tarehe moja.

Fikiria barua ya kawaida iliyoandikwa kwa S.L.P. yako, Isiolo 60300. Juu kulia mwandishi ameandika tarehe yake. Kwenye bahasha kuna mihuri ya posta. Halafu kuna siku ambayo iliingizwa kwenye sanduku lako. Ni tarehe tatu tofauti, na hakuna anayezichanganya. Mwandishi akiandika tarehe 3 na akakaa na barua mfukoni hadi tarehe 19, muhuri utasema tarehe 19, basi.

Barua pepe ni vivyo hivyo.

Tarehe ya kwanza ni ya mwandishi, kwenye mstari wa Date. Inaandikwa na kompyuta ya mtumaji. Kama saa ya kompyuta hiyo ni mbovu, tarehe nayo itakuwa mbovu. Tena waraka unaoeleza muundo wa barua pepe, RFC 5322 wa 2008, uko wazi kabisa juu ya jambo hili: mstari huo unaonyesha wakati mwandishi alipomaliza barua na kuiweka tayari kwa safari, wala haukusudiwi kuonyesha wakati barua iliposafirishwa. Waraka wenyewe unatoa mfano wa mtu mwenye kompyuta ndogo isiyounganishwa na mtandao anayeweka barua kwenye foleni. Tarehe inayobaki ni ya kuweka kwenye foleni. Shikeni mfano huo, utarudi.

Tarehe ya pili ni mihuri ya njiani, mistari ya Received. Kila seva inayoipokea barua inaongeza muhuri wake juu ya mihuri iliyotangulia. Kwa hiyo muhuri wa chini kabisa ni wa seva ya kwanza, na wa juu kabisa ni wa seva ya mwisho, yaani ile iliyo karibu na sanduku lako.

Tarehe ya tatu ni tarehe ya ndani, ambayo kwenye itifaki ya IMAP inaitwa INTERNALDATE. Hii haimo ndani ya barua hata kidogo. Inashikwa na seva pembeni, kama karani anayeandika kwenye daftari lake siku aliyopokea bahasha. RFC 3501 ya Machi 2003 ilisema hivyo, na RFC 9051 ya Agosti 2021 ikarudia: si tarehe ya mwandishi, ni tarehe ya kufika. Programu nyingi za barua, hasa Outlook na zile za simu, hupanga barua kwa tarehe hii.

Sasa swali la wenye akili: Dovecot inaandika wapi daftari hilo? Kama barua zako ziko katika muundo wa Maildir, ambapo kila barua ni faili moja, jibu litakushangaza. Haina daftari maalumu. Inatumia muda wa faili, ule ule unaouona ukiandika ls -l. Na scp -r, ukisahau kuweka -p, inaandika muda mpya kwa kila faili. Ndivyo nilivyofuta miaka sita ya tarehe kwa kukosa herufi moja. cp -a ingezihifadhi. rsync -a ingezihifadhi. tar ingezihifadhi. Mimi nikachagua ile isiyohifadhi.

Tarehe ya nne ni zawadi ya Daniel J. Bernstein, yule mwandishi wa qmail aliyebuni Maildir. Jina la kila faili linaanza na nambari ndefu, ambayo ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku ya UTC, yaani saa tisa usiku kwetu. Nambari hiyo huandikwa barua inapoingizwa sandukuni kwa mara ya kwanza. Ukinakili faili bila kubadilisha jina, nambari inabaki hata kama muda wa faili umepotea.

USIKU NILIOKARIBIA KUSEMA UONGO

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na haraka ya kujisafisha. Nikatafuta njia ya kurekebisha, nikapata ushauri ambao umezagaa kila mahali: soma mstari wa Date wa kila barua, kisha weka muda wa faili ulingane nao. Skripti ya mistari sita. Niliiandika, nikaijaribu kwenye folda ndogo, ikapanga barua vizuri sana. Kila barua mahali pake.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Kilichonizuia ni udadisi tu: nikataka kwanza kuiona ile barua ya notisi. Nikaifungua kama maandishi matupu.

Mstari wa Date ulisema 3 Februari 2025, kama mnunuzi alivyosema. Muhuri wa chini kabisa, wa seva ya upande wake mwenyewe, ulisema Wed, 19 Feb 2025. Muhuri wa juu kabisa, wa seva yetu ya zamani, ulisema Wed, 19 Feb 2025 01:12:00 -0500. Na jina la faili lilianza na 1739945520.

Tufanye hesabu pamoja. Seva ya zamani ilikuwa nyuma ya UTC kwa saa 5, na Kenya iko mbele kwa saa 3, kwa hiyo tunaongeza 8. Saa 01:12 ya kule ni saa 09:12 ya hapa. Nambari 1739945520 nayo, ukiigeuza, inatoa dakika ile ile. Na saa 09:12 kwa Kiswahili ni saa ngapi? Saa tatu na dakika 12 asubuhi. Jumatano, tarehe 19, wiki ya tatu ya Februari, mama ametoka kupakia mitungi kwenye basi.

Nilikaa kimya kwa muda. Ningebonyeza kile kitufe, asubuhi sanduku la mama lingekuwa safi, limepangwa vizuri, na lingetoa ushahidi dhidi yake. Lingesema barua ilifika tarehe 3 Februari. Na hakuna ambaye angelitilia shaka tena, kwa sababu halikuwa tena na ile aibu ya barua zote kuzaliwa siku moja. Kosa linaloonekana linamfanya mtu aulize. Kosa lililopigwa pasi linapita bila kuulizwa.

Kesho yake tukampelekea mnunuzi nakala ya barua nzima pamoja na mihuri yake, tukamwomba amwulize mhasibu wake. Na hapa niwaambie ukweli: hakuna aliyedanganya. Mhasibu aliiandika notisi tarehe 3 kwenye kompyuta ndogo ya ofisini, lakini programu yake ya barua ilikuwa imewekwa katika hali ya kufanya kazi bila mtandao. Barua za kila siku alikuwa anazituma kwa simu. Notisi ikakaa kwenye foleni hadi tarehe 19, alipoirudisha programu mtandaoni. Ule mfano wa RFC 5322, neno kwa neno, kati ya Eastleigh na Isiolo. Mnunuzi alikubali bila ugomvi, na zile shilingi 48,000 zikaingia siku moja kabla ya Idi.

JINSI YA KUREKEBISHA

Kwa wale walio na tatizo kama langu, utaratibu niliofuata ni huu. Nauandika kwa ajili ya Dovecot na Maildir kwa sababu ndivyo ninavyovijua.

Kwanza, weka nakala ya akiba ya sanduku zima kwa cp -a au tar, kabla ya kugusa chochote. Hata zile tarehe mbovu zihifadhi. Ni kumbukumbu ya kilichotokea.

Pili, tazama majina ya mafaili. Kama nambari za mwanzo zinatofautiana na zinarudi nyuma miaka yote, una bahati, kwa maana majina ni ya asili. Kama zote zinaanguka siku ya kuhama, maana yake barua ziliingizwa upya kupitia IMAP na majina ni mapya, hivyo hayatakusaidia.

Tatu, kama majina ni ya asili, kazi ni ndogo. Ukiwa ndani ya folda ya barua kwenye Linux:

for f in cur/* new/*; do
n=$(basename "$f" | cut -d. -f1)
touch -d "@$n" "$f"
done

Ijaribu kwanza kwenye nakala, na uchague barua kama kumi ulinganishe na mihuri yao kwa macho yako.

Nne, kama majina si ya asili, tumia mstari wa Received wa juu kabisa. Lakini uwe macho! Kama kuhama kulipitisha barua kwenye seva ya kutuma, muhuri wa juu utakuwa ni wa siku ya kuhama, na utalazimika kuuruka uchukue unaofuata. Usiache pia kusoma tofauti ya saa mwishoni mwa mstari. Skripti inayopuuza ile -0500 itaihamisha barua ya saa kumi na mbili asubuhi ya Isiolo hadi jana yake.

Tano, mstari wa Date uwe wa mwisho kabisa, kwa barua ambazo hazina mihuri wala jina la asili. Barua ulizotuma mwenyewe hazina Received, kwa hiyo kwa folda hiyo mara nyingi huna namna nyingine. Andika orodha ya barua ulizozirekebisha kwa njia hii, ujue zipi ni za uhakika na zipi ni za kukisia.

Sita, futa faili la dovecot.index.cache la kila folda, kwa sababu Dovecot huweka humo tarehe ilizokwisha kuzisoma. Usiguse dovecot-uidlist. Ukilifuta hilo, simu na kompyuta zote zitaanza kupakua barua upya, na wenye bando dogo watakulaani. Kwenye simu ya mama ilibidi niiondoe akaunti na kuiweka tena, maana simu nayo ilikuwa na kumbukumbu yake.

Na kwa anayehamisha leo, ambaye bado hajaharibu: kama unahama kwa IMAP, amri ya APPEND ina nafasi ya kutaja tarehe ya ndani. Usipoitaja, seva itaweka saa ya sasa hivi. Programu nyingine huitaja, nyingine haziitaji. imapsync ya Gilles Lamiral huihamisha bila hata kuambiwa. Hamisha barua tano kwanza, uzitazame, ndipo uhamishe elfu sita.

REKEBISHA DAFTARI, USIGUSE BARUA

Kuna wenzangu watakaosema nimefanya jambo dogo kuwa kubwa. Najua, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Wanasema barua zote ziko, tarehe ya mwandishi iko ndani, mtu akitaka apange kwa tarehe hiyo. Ni kweli programu nyingine za kompyuta zinaruhusu hivyo. Lakini mama katibu hatumii kompyuta, anatumia simu, na simu inampangia inavyotaka. Halafu mmeona wenyewe tarehe ya mwandishi ingesema nini.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanafungua barua yenyewe na kubadilisha mistari ya juu ili ilingane na wanachotaka kuona. Hapo nasema hapana, kabisa. Barua nyingi siku hizi zina saini ya DKIM, na kwa kawaida saini hiyo inafunga mstari wa Date. Ukiubadilisha, saini inavunjika, na barua halali inaonekana kama ya kughushi. Hata kama haina saini, maneno yale si yako. Daftari la karani unaweza kulisahihisha kwa kufuata mihuri. Barua ya mtu haisahihishwi na anayeibeba.

Wala si suala la maziwa peke yake. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, ina kifungu 78A kilichoingizwa 2014. Kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, na kama unaaminika. Zingatieni hilo neno la kuhifadhiwa. Ndiyo kazi yetu hiyo. Au tazameni zabuni za umma: kwa kifungu 167 cha sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kuomba mapitio. Siku 14! Mfanyabiashara mdogo wa huku akipata taarifa kwa barua pepe, halafu fundi wake akamhamishia sanduku bila tarehe, atathibitishaje kwamba yuko ndani ya siku zake?

Tunapenda kujiita wahandisi wa programu. Lakini katika miji kama huu wetu, mara nyingi sisi ni makarani wa masjala. Tunashika kumbukumbu za watu ambao hawana wakili wala idara ya teknolojia, na ambao hawatajua tumekosea mpaka siku watakapozihitaji. Mama katibu hakujua INTERNALDATE ni nini. Alijua tu kwamba barua zake haziwezi kuzaliwa siku moja, akaniambia, na mimi nikamjibu kwamba hiyo ni sura tu. Mtumiaji akikwambia kitu hakiko sawa, yeye ameona jambo ambalo hesabu yako ya mafaili haikuliona. Mimi nilihesabu faili 6,200 nikaridhika. Yeye alitazama moja akajua.

Huku kwetu kuhama si jambo geni. Wafugaji wanahama kila msimu kufuata malisho na maji, na mzee anayejua kazi yake hahesabu vichwa tu akifika. Anajua ngamia huyu alizaliwa mvua gani, yule alinunuliwa kabla ya ukame upi. Wazee wa Kiborana wanaweza kukupangia matukio ya vizazi kwa gada, kila gada miaka minane, bila karatasi. Mali inahama pamoja na historia yake. Ajabu ni kwamba mimi, mwenye diski na seva, nilihama na vichwa nikaiacha historia njiani.

Tangu siku ile nina kanuni moja niliyoibandika juu ya meza yangu: kabla ya kusema kazi imekwisha, fungua barua ya zamani kuliko zote na umwulize mwenyewe, "Hii ilifika lini?" Jibu lake na la sanduku yakilingana, nenda ukalale.

Mama katibu ameshanisamehe. Ila kila akiniona mjini hunisalimia, halafu anauliza leo ni tarehe ngapi.

Haya, tukutane tena panapo majaliwa.